Mwenzako akikutegea kazi: Yanayompasa mfanyakazi wa Thika na Ruiru kuyajua

MIONGONI mwa malalamishi yanayosikika sana wafanyakazi wa viwanda vya Thika na Ruiru wanapoketi kula chakula cha mchana ni lile la mwenzao anayepokea mshahara sawa na wao ilhali kazi yake hufanywa na wengine.

Mwenzao huyo hufika kwa wakati, huvaa aproni na kutia sahihi kitabuni kama kila mtu. Mashine zinapoanza kunguruma ndipo anapokumbuka kwamba hajanywa maji, kwamba ameitwa stoo, au kwamba simu yake inalia. Katoni nazo hazimngoji arudi. Anayesimama kando yake hulazimika kufunga zake na za jirani.

Kiswahili kina neno mahsusi la tabia hii, nalo ni kutegea. Kutegea si uvivu mtupu. Mvivu aweza kuzembea shambani mwake akiwa peke yake na njaa ikawa yake. Mtegeaji hawezi kutegea peke yake. Ni sharti awepo mtu mwingine wa kuubeba mzigo, kisha malipo yagawanywe kana kwamba wote waliubeba.

Katika miji hii miwili ya kaunti ya Kiambu, suala hili lina uzito wa kipekee kwa sababu wengi huajiriwa kwa mkataba wa miezi michache au kama vibarua. Anayelalamika sana huenda asiitwe msimu ujao. Anayelalamikiwa naye huenda akapigwa kalamu bila kusikizwa, na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Maneno yanayosemwa kwa hasira kando ya mashine yaweza kumwaga unga wa mtu, na si lazima uwe wa yule aliyekosa.

Funzo la debe

Ruiru inajulikana na wakulima wa kahawa kote nchini kutokana na mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilicho hapo. Mashamba makubwa ya zao hilo yangalipo kati ya Ruiru na Thika, ijapokuwa mengi yamekatwa vipande vya kujengea nyumba.

Katika mashamba hayo mchumaji hulipwa kwa debe. Karani hupima, huandika idadi kando ya jina, na jioni kila mmoja hujua ametia nini kibindoni. Anayeketi chini ya mti kupiga domo hula hasara mwenyewe. Wachumaji wana ugomvi wao, mathalani kuhusu nani amepewa mistari iliyozaa vyema na jinsi karani anavyolishindilia debe, lakini ni nadra mmoja wao kulia kwamba fulani amemtegea.

Hata hivyo, debe lina hila zake. Anayelipwa kwa wingi pekee hushawishika kuchuma matunda mabichi pamoja na yaliyoiva ili debe lijae haraka, na mabichi hayo huharibu ubora wa mzigo wote. Ndiyo sababu wachumaji hutakiwa kuyamwaga matunda juu ya gunia na kuyachambua kabla ya kupimiwa. Kipimo kisipolindwa, mtu huacha kutegea wingi akategea ubora.

Kiwandani mambo ni tofauti. Watu 10 wakisimama kwenye mkondo wa upakiaji, hesabu ya jioni huwa moja tu: ni katoni ngapi zilizotoka. Hakuna daftari linaloonyesha mikono ya nani ilifunga ngapi. Hali ni hiyo hiyo kwa kundi la vibarua wanaopakia lori na kulipwa kwa pamoja, kisha wakagawana sawa kwa sawa.

Wazee wa jamii ya Agikuyu hawakuwa na karani wala mizani, lakini walikuwa na ngwatio. Majirani walikusanyika wakalima shamba la mmoja wao leo, la mwingine kesho, hadi kila mmoja akahudumiwa. Aliyekosa kufika kwa jirani bila sababu alijua kwamba siku yake ingefika, naye angeweza kubaki na jembe lake peke yake. Kundi lilikuwa dogo, watu walijuana, na zamu ilirudi. Kiwandani zamu hairudi. Ukimfungia mwenzako katoni leo, kesho utamfungia tena.

Tabia hii imechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alifanya majaribio ya watu kuvuta kamba katika miaka ya 1880 na kuchapisha matokeo mwaka 1913. Kwa mujibu wa takwimu zake, watu 2 wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa takriban asilimia 93 ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Wakiwa 3 hutoa asilimia 85. Wakifika 8, kila mmoja hutoa asilimia 49 tu.

Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kutovuta kwa mpigo mmoja. Lakini mwaka 1979 wanasaikolojia wa Marekani, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliwaambia watu wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, wakagundua kwamba mtu anapodhani tu kuwa wengine wanapiga kelele pamoja naye, hupunguza bidii. Mwaka 1981 watatu hao walionyesha kwamba watu walipoamini kuwa sauti ya kila mmoja inapimwa kivyake, upungufu huo ulikaribia kutoweka.

Hilo ndilo jambo ambalo karani wa kahawa amelijua siku zote bila kusoma kitabu. Utegeaji hustawi pale ambapo fungu la kila mtu halionekani. Kwa hivyo, kabla ya kumtafutia mwenzako jina baya, yafaa utafute njia ya kulifanya fungu lake lionekane, na lako pia.

Msimamizi ana uwezo mkubwa zaidi katika hili. Anaweza kuligawa kundi la watu 10 kuwa makundi 2 ya watano, akahesabu kazi kwa kila meza badala ya kwa mkondo mzima, na kuwabadilisha watu nafasi kila wiki ili asiwepo anayemiliki kona rahisi. Hatua hizi hazina gharama kubwa, na mara nyingi humaliza tatizo bila jina la mtu kutajwa.

Je, anategea au ameelemewa?

Si kila anayebaki nyuma anategea. Huenda mashine yake ina kasoro. Huenda hakufunzwa, kwani si ajabu katika viwanda vyetu mgeni kuonyeshwa kazi kwa dakika chache kisha akaachwa ajitafutie. Huenda anauguza mtu usiku, au anafanya kazi nyingine baada ya zamu kwa kuwa mshahara mmoja haulipi kodi ya nyumba. Mama mjamzito asiyetaka kusema bado, mwenye kisukari anayekwenda msalani mara kwa mara, na mwenye maumivu ya mgongo aliyezoea kunyamaza, wote hawa kwa mbali hufanana na mtegeaji.

Ishara moja husaidia kuwatofautisha. Aliyeelemewa hubaki nyuma hata msimamizi anapomtazama, na pengine huzidi kubabaika. Mtegeaji huwa hodari ghafla anapoona meneja akiingia.

Mgonjwa ana haki yake kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetumikia miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa ya angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku nyingine 7 kwa nusu mshahara katika kila kipindi cha miezi 12, mradi ana cheti cha daktari. Ujauzito nao umetajwa waziwazi kuwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwenzako akiwa katika hali hizi, msaada mkubwa uwezao kumpa ni kumwambia aende akadai haki hiyo, kuliko kumfichia kwa wiki moja kisha ukamchukia wiki inayofuata.

Ulevi ni jambo jingine. Anayefika kwenye mashine akiwa amelewa hatakiwi kufunikwa na mtu yeyote, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Namna ya kumkabili

Ukisharidhika kwamba ni utegeaji, mwendee mwenyewe kwanza, faraghani, nje ya kelele za mashine. Usimwambie tabia yake. Mwambie kilichotendeka na kinavyokuathiri. Kwa mfano: "Dada, tangu Jumatatu nimekuwa nikifunga katoni za upande wako kuanzia saa nne. Nikifika nyumbani siwezi hata kuinjika sufuria. Kuna jambo linalokusumbua? Tugawane vipi?"

Maneno hayo yanampa njia ya kujitoa bila aibu. Lakini akiitwa mvivu mbele ya wengine, atakachokipigania tangu hapo ni heshima yake, na katoni zitaendelea kuwa zako.

Kwa aliyekupita umri, mila zetu hazimruhusu kijana kumkosoa mzee ana kwa ana bila kuonekana hana adabu. Mtumie mtu wa rika lake, au anza kwa kumwomba ushauri: "Mzee, kazi hii yatushinda upande huu. Wewe uliyekaa hapa muda mrefu, waona tuipangeje?" Kuna wazee ambao hutegea kwa kuamini kwamba ukubwa wao umewapa likizo, nao hurejea kazini pindi wanapoombwa kuongoza.

Usilipeleke jambo hili katika kundi la WhatsApp la zamu yenu. Yanayoandikwa humo hunakiliwa, hufika afisini, na hubaki kuwa ushahidi dhidi ya mwandishi.

Na hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 44, imeorodhesha makosa makubwa yanayoweza kumfanya mfanyakazi afutwe mara moja. Kukaidi au kupuuza kazi kwa makusudi ni mojawapo. Lakini kutumia lugha ya matusi dhidi ya mwajiri au mtu aliyewekwa juu yako naye ni mmoja. Mchapakazi aliyechoshwa na mtegeaji, akamgeukia msimamizi kwa matusi kwa kuwa hamchukulii hatua, anaweza kujikuta langoni na barua mkononi huku mtegeaji akibaki ndani akifungiwa katoni na mtu mwingine.

Mazungumzo yasipozaa matunda kwa muda wa wiki moja au mbili, weka kumbukumbu. Daftari dogo latosha. Andika tarehe, saa, kazi iliyokuwapo na iliyofanywa na nani. "Tarehe 4, saa nne hadi saa sita, meza ya pili ilikuwa na mtu mmoja, katoni 60 zilikwama" ni maelezo yenye uzito. "Huyu mtu hana maana" si maelezo. Usiandike ulichosimuliwa.

Kisha mwendee msimamizi, ikiwezekana mkiwa wawili au watatu mnaofanya kazi pamoja, na mzungumzie kazi kuliko mtu. Mwulizeni: mkondo huu unatakiwa kutoa katoni ngapi, watu wangapi wanapaswa kuwapo, na nani anawajibikia meza ipi? Msimamizi akishajibu maswali hayo matatu kwa maandishi au mbele ya wote, mtegeaji amekwisha kupoteza kichaka chake.

Jambo gumu zaidi ni pale mtegeaji anapokuwa jamaa ya nyapara, au mtu aliyeletwa kazini na mkubwa. Haya yapo na hayafai kufichwa. Kumshtaki kwa nyapara huyo huyo ni sawa na kumshtaki fisi kwa fisi. Iwapo kuna chama cha wafanyakazi, mwakilishi wenu kiwandani ndiye mlango wa kwanza. Pasipo chama, nendeni kwa idara ya wafanyakazi kama kundi. Msiutaje undugu kabisa. Tajeni idadi ya katoni. Undugu hukanushwa kwa urahisi, idadi haikanushwi hivyo.

Kuna wanaoshauri kwamba mtu naye apunguze kasi ili mambo yaharibike na wakubwa waone. Huo ni ushauri mbaya. Kazi ikiharibika, daftari litaonyesha nawe ulizembea, na hutakuwa tena na la kusema. Lililo halali ni kumweleza msimamizi mapema kazi unayoweza kukamilisha kwa nafasi yako, ukaikamilisha sawasawa, na kuacha pengo la mwenzako lionekane lilipo.

Ila pengo hilo lisiwe la usalama. Boila isiyokaguliwa, kinga ya mashine iliyofunguliwa, au sakafu yenye mafuta ambayo mhusika ametegea kuisafisha, hayo hayangoji wiki mbili wala daftari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mfanyakazi ajilinde na awalinde wengine wanaoweza kudhurika kwa anayotenda au anayokosa kutenda, na kumpasha msimamizi habari mara moja aonapo hatari kubwa. Anayetoa habari hiyo hapaswi kuadhibiwa kwa kufanya hivyo. Mlevi kwenye mashine ya kukata ameingia katika fungu hili.

Sheria na mwajiri

Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa uzembe hawezi kusema tu kwamba wenzake wamemlalamikia. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikize utetezi wao kabla ya kuamua. Hata anayetaka kumfuta mtu papo hapo kwa kosa kubwa hajaondolewa wajibu huo.

Kwa hivyo usishangae iwapo mtegeaji uliyemlalamikia atakuchagua wewe umsindikize kwenye kikao hicho. Unaweza kukataa. Ukikubali, sema unayoyajua.

Mwajiri ana wajibu pia wa kuthibitisha sababu zake. Katika kesi nambari 823 ya mwaka 2010 iliyoihusu hoteli ya Ol Tukai Lodge, mahakama ilisema kwamba anayedai mfanyakazi hakutimiza kazi ipasavyo ni lazima aonyeshe alikuwa na utaratibu wa kupima kazi nzuri na mbaya. Debe likaingia mahakamani. Asiye na kipimo hana kesi.

Wapo waajiri waliokuwa wakidhani kwamba anayefanya kazi kwa majaribio anaweza kuondolewa bila kusikizwa. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, katika kesi iliyokihusu Chuo Kikuu cha Mount Kenya, ambacho makao yake makuu yako Thika, waliamua kwamba sehemu ya sheria iliyowanyima wafanyakazi wa majaribio haki hiyo ilikwenda kinyume na Katiba.

Kibarua naye si wa kutupwa wakati wowote. Akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi 1, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika chini ya miezi 3, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa wa mshahara wa mwezi, na anastahili notisi ya siku 28.

Mbinu nyingine inayotumiwa na baadhi ya wasimamizi ni kumkata mtegeaji mshahara. Sheria imeorodhesha makato yanayoruhusiwa. Aliyekosa kazini siku nzima bila ruhusa wala sababu halali anaweza kukatwa mshahara wa siku hiyo. Aliyekuwapo lakini wenzake wakasema alizembea hayumo katika orodha hiyo. Njia iliyo salama kwa mwajiri ni onyo kwa maandishi, muda wa kujirekebisha na mafunzo yanapohitajika. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa awe amewaeleza kwa maandishi kanuni za nidhamu.

Aliyefutwa kinyume cha utaratibu anaweza kulipwa hadi mshahara wa miezi 12. Hili linamhusu mtegeaji aliyefukuzwa kwa fitina, na linamhusu vilevile mchapakazi aliyefukuzwa kwa kulalamika, maana sheria haikubali malalamishi dhidi ya mwajiri yawe sababu ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa yakithibitika kuwa ya uzushi mtupu.

Mwenye dai anaweza kuanzia kwa afisa wa leba, ambaye hujaribu kuwapatanisha pande mbili bila malipo. Upatanisho ukishindikana, wale ambao mshahara wao wa mwezi hauzidi Sh80,000 wanaweza tangu mwaka 2018 kufungua kesi mbele ya hakimu mwenye mamlaka hayo, badala ya kusafiri hadi Nairobi. Thika na Ruiru zote zina mahakama. Muda wa kuwasilisha dai ni miaka 3 tangu siku ya kuachishwa kazi, na kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni maandishi: barua ya kazi, stakabadhi za mshahara, barua za onyo, na lile daftari dogo.